Mteremko wa Zahanati ya Lindi

Jumatatu, 3 Machi
Nimefika mjengoni saa moja na nusu. Mafundi walikuwa wameshaanza. Kuta zimefika usawa wa madirisha.
Hii zahanati ya akina mama ndiyo kazi ya kwanza niliyoichora mwenyewe tangu mwanzo. Ofisi yetu ya wasanifu majengo iko Kawangware, juu ya duka la hardware, na tuko watu wanne tu. Lakini jengo liko mtaa wa Lindi, hapa Kibera, nilikozaliwa. Wapita njia wanauliza nani amechora. Mzee Mutisya, msimamizi wa mafundi, ananionyesha kwa kidole. "Ni huyu Atieno."
Naringa. Sikatai.

Alhamisi, 6 Machi
Siku mbaya.
Mbao zilizoshikilia zege la mteremko zimetolewa leo. Mteremko ni njia ya mama asiyeweza kupanda ngazi. Nimeupigania miezi mingi. Sista Jane, muuguzi atakayesimamia zahanati, alikuja na kiti cha magurudumu, akamkalisha fundi mmoja, akasukuma. Katikati akashindwa. Kiti kikaanza kumrudia. Tulikimbia watatu kukishika.
"Na angekuwa mama mwenye uchungu?" akauliza.


Ijumaa, 7 Machi
Wafula, mkubwa wangu, amekuja kupima. Mteremko ni mkali mara mbili ya inavyotakiwa. Akamgeukia Mzee Mutisya mbele ya watu wake. Akamwambia hajui kusoma ramani, na kuanzia Jumatatu atatafuta mtu mwingine.
"Nilifuata karatasi, bosi," Mzee akasema. Alitoka Kitui akiwa kijana, amejenga nusu ya nyumba za mawe ninazozijua.
Niliamini kosa ni lake.
Nikarudi ofisini kutafuta ushahidi. Nimeupata. Mwezi uliopita wakazi waliomba tuinue sakafu, maana mvua ikinyesha maji yanajaa hadi milangoni. Niliinua kutoka futi mbili hadi nne. Nikarekebisha ngazi. Mteremko sikuurefusha.
Kosa ni langu. Hakuna mwingine aliyeliona.


Jumamosi, 8 Machi
Nimemwambia Wafula asubuhi, kabla hajavua koti. Aliitazama ramani. Nilidhani atanifuta kazi.
"Si mimi wa kuambiwa," akasema. "Twende kwa Mutisya."
Niliongea mafundi wote wakisikia. Kwamba Mzee alijenga sawasawa. Kwamba karatasi ndiyo ilikuwa mbaya na niliichora mimi. Wafula naye akaomba radhi, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya.
Mzee akaitikia kwa kichwa. "Haya. Tuvunje lini?"
Tumevunja leo leo. Nilishika nyundo na mimi. Viganja vimechubuka. Aibu, lakini nimekula chakula cha mchana vizuri.

Jumanne, 11 Machi
Kanuni ya mteremko ni futi kumi na mbili za kwenda mbele kwa kila futi moja ya kupanda. Nahitaji futi arobaini na nane. Kiwanja kinanipa nusu yake tu.
Jibu ni moja. Mteremko uende, ugeuke, urudi. Lakini kwa kugeuka utakula nafasi ya ukuta wa matofali yenye matundu niliouchora, mapambo yangu ya mbele. Nimekuwa nikiwaonyesha watu picha yake kwa simu hata Soko la Toi.
Nimeufuta. Iliniuma.
Mzee Mutisya akasema pale pa kugeukia pawe tambarare na papana, mama apumzike, viti viwili vipishane. Wazo zuri kuliko yote niliyochora. Nimeandika jina lake kwenye ramani kando ya langu. Wafula ameona, akatia sahihi.

Jumatano, 26 Machi
Sista Jane amerudi na kiti chake. Safari hii akamkalisha Mzee Mutisya mwenyewe. Akamsukuma hadi juu bila kusimama, akiongea njia nzima. Mzee alikaa wima kama chifu. Mafundi wakapiga makofi.
Nimeona fahari kuliko siku niliyohitimu chuo. Wala sijui niielezeje.

Jumapili, 15 Juni
Zahanati imefunguliwa wiki ya pili sasa. Nimetoka kanisani nikapitia Lindi. Sikuingia. Nilisimama ng'ambo ya njia.
Mama mmoja alitoka na mtoto mchanga aliyefungwa kifuani kwa leso. Alishuka mteremko polepole, mkono mmoja kwenye chuma cha kushikia, huku akimwelezea mtu kwa simu kwamba mtoto ni msichana. Alifika pale pa kugeukia, akageuka, akaendelea na maneno yake.
Hakuangalia chini anapokanyaga hata mara moja.
Nikaenda nyumbani.