Chuma cha Mbele ya Gari

Shinyanga

Kwa mke wangu Mama Hamisi, Pangani.

Salamu nyingi zikufikie wewe na watoto, na zimkute mama ameshapata nafuu ya magoti. Mimi mwili mzima, chakula napata, maji ya huku nimeyazoea. Roho ndiyo haijatulia. Nakwambia mapema ili usiendelee kunitazamia: Idi hii siji. Tajiri amekataa kunipa ruhusa, na chanzo chake ni kipande cha chuma. Kaa kitako Mwalimu akusomee, na umwambie asiruke mahali.

Kazi yangu unaijua. Nachukua bidhaa hapa stesheni, chumvi, nguo na mafuta ya taa, nawapelekea wachimba dhahabu wa Nyarugusu kwa gari dogo la mizigo la tajiri wangu, Bwana Seifu. Njia yenyewe hujaiona. Ukitoka hapa ni ng'ombe wa Wasukuma, makundi kwa makundi, hawaijui honi wala hawaijali. Ukishapita Kahama unaingia porini, na huko kuna ngiri, swala na tandala, yule mnyama mkubwa mwenye pembe za kujisokota. Wote hao hungoja gari likaribie, ndipo wakumbuke kwamba majani mazuri yako ng'ambo ya pili.

Mwishoni mwa masika nilikuwa natoka Nyarugusu. Nyuma nimembeba mchimbaji mmoja, Petro, mtu wa Ushirombo, shimo limemwangukia na mguu umesagika. Nampeleka hospitali ya misheni huko kwao, na ndugu yake Yohana amempakata kichwa. Mchana kweupe, tandala akachomoka kichakani akatua mbele yangu. Pembe ikaingia kwenye rejeta, maji yote yakamwagika, gari likazima. Mnyama amekufa, gari limekufa, na mgonjwa kule nyuma anauliza, "Tumefika?"

Yohana akakimbia kutafuta watu. Mimi nikabaki namfukuzia Petro nzi kwa kofia yangu. Hakulia. Alinisimulia habari za mama yake, jinsi alivyomkataza kwenda machimboni. Jua lilikuwa limeshainama Yohana aliporudi na wanaume wa kijiji, wakakata miti, wakamtengenezea machela, wakamchukua mabegani. Petro alipona, lakini mguu ulikatwa. Daktari wa misheni aliniambia kwamba angewahishwa, huenda ungeokolewa. Aliniambia kwa upole. Afadhali angenitukana.

Nilipomfikishia Bwana Seifu habari, swali lake la kwanza lilikuwa, "Rejeta inatengenezeka?" La pili, "Ulikuwa unaangalia wapi?" Habari za Petro hakuziuliza.

Tangu siku hiyo sikuwa na wazo jingine ila kulikinga gari mbele. Nikamwomba ruhusa, akasema gari limetoka kiwandani kamili, mimi ni nani hata niliongezee. Nikafunga magogo ya mninga kwa kamba za ngozi. Yakaziba upepo, maji yakachemka kila kilima, nikawa nashinda njiani nikingoja injini ipoe. Nikayatupa. Nikamwendea mhunzi mmoja wa upande wa Geita, Mzee Lugendo, na vipande vya reli chakavu za vigari vya machimboni. Tuligombana sana. Yeye anataka chuma cha kumzuia kifaru, mimi nasema magurudumu ya mbele hayatastahimili. Cha kwanza kilikuwa kizito, usukani ukawa haugeuki mpaka nijikaze kwa mikono miwili. Cha pili ndicho kilichokubali: vyuma vyembamba vilivyosimama, vyenye nafasi za kupitisha hewa, vimekazwa kwa bolti chini kwenye fremu yenyewe. Bwana Seifu alinuna, lakini hakuniamuru nikifungue.

Kikafanya kazi. Ngiri alijigonga, akaanguka pembeni, akainuka na kwenda zake na hasira. Taa hazikupasuka, rejeta haikuguswa. Nikadhani shida imekwisha.

Tajiri alipoona hivyo, akageuka. "Sasa una chuma," akaniambia. "Kwa nini tunatanguliwa na kila mtu kufika Nyarugusu? Usipunguze mwendo kwa ajili ya kila mkia unaouona."

Nikamjibu kwamba chuma kinalinda rejeta tu, hakioni njia.

"Ndiyo maana nikakuajiri wewe mwenye macho," akasema.

Nikaongeza mwendo, Mama Hamisi. Nilikuwa nimechoka kubishana. Kabla ya kufika Kahama, kundi la mfugaji mmoja, Mzee Masanja, likakatiza. Nikashika breki, haikutosha. Gari halikupata hata mkwaruzo, lakini ng'ombe wake wa kulimia alivunjika miguu ya mbele. Masanja akaja na fimbo yake. Akamtazama ng'ombe, kisha akakipapasa kile chuma.

"Gari lako limeota pembe," akasema.

"Nisamehe, baba. Pole sana."

"Pole nimeipokea. Na ng'ombe je?"

Nilimwombea fidia kwa tajiri, naye akasema barabara si zizi.

Hapo ndipo moyo wangu ulipogoma. Zamani tukigongana na mnyama tuliumia sote, kwa hiyo nami nilikuwa mwoga. Sasa anaumia yeye peke yake, na uoga wenyewe tajiri anataka niuache. Na barabarani hawapiti ng'ombe tu. Wanapita wanawake na mitungi, wanapita watoto wa rika la Hamisi.

Juma lililopita Bwana Seifu alipanda mwenyewe, aone kinachonichelewesha. Tulipofika pale kwa Masanja, ng'ombe walikuwa wanavuka.

"Piga honi upite."

Nikasimama, nikazima injini.

"Nimesema pita."

"Gari ni lako, Bwana," nikamwambia. "Mguu ni wangu."

Ng'ombe wakavuka wote. Ndama mmoja akasimama katikati kunyonya, nasi tukamngoja amalize. Masanja alipopita dirishani akaniamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nikamwitikia. Tajiri alikuwa anatazama mbele.

Tulifika Nyarugusu. Watu wakiwa wanashusha chumvi, akanijia. "Endesha upendavyo. Lakini ruhusa ya Idi usiniombe tena."

Basi sababu ndiyo hiyo. Nina hasira, sikufichi. Nina hasira na tandala, nina hasira na tajiri, na kinachoniuma zaidi ni kwamba ningepiga honi tu, leo ningekuwa nafunga mzigo wa kuja kwenu. Kama nimewatendea ninyi vyema sijui. Kwa Masanja najua. Fidia yake bado namdai tajiri kila Ijumaa tukitoka msikitini, maana pale mbele za watu hawezi kunikwepa.

Nguo za watoto nimempa jirani yangu anayesafiri kwa treni kuja pwani. Nisalimie mama, na kaka yako seremala, na shangazi anayetuuzia vitumbua. Mwalimu anayekusomea naye nampa asante yangu. Na Hamisi mwambie hivi: akisikia gari, atoke barabarani kwanza, ndipo alitazame. Asidhani dereva atasimama.

Ni mimi mumeo,
Salehe bin Omari