Idi Ameruhusiwa Kurudi Ujiji

Kijiji cha Matibabu,
Njia ya Ntalikwa, Tabora.

Mama yangu, shikamoo.

Daktari amesema leo asubuhi kwamba Idi anaweza kurudi nyumbani. Idi mwenyewe alikuwepo. Nilimwuliza tena daktari, nisije nikakuandikia jambo la kudhani, naye akarudia: "Akae na mkewe, alee mtoto wake, afanye kazi." Nimetaka uipate habari hiyo kabla ya salamu. Sasa nikuulize: mguu unaendeleaje? Paa la jikoni limestahimili mvua? Sisi huku ni wazima, na Idi amenenepa mpaka shati lake la jeshi halifungi.

Mama, ulitupandisha treni ukiamini kaka yangu kaja na jini kutoka Uganda. Huku ugonjwa wake wanauita mshtuko wa vita, na wanautibu. Kila mgonjwa anakaa na ndugu yake kwenye nyumba ya kijiji, wanalima na wengine, na wauguzi wanawafuata huko huko shambani. Mchana nachukua baiskeli, naenda mjini kwenye kazi yangu ya gazeti. Asubuhi nashika jembe.

Wanyamwezi hulima kwa ngoma. Watu hujipanga mstari mmoja, mpiga ngoma anatangulia, na majembe yanashuka pamoja. Siku ya kwanza ngoma ilipolia, Idi alijitupa kwenye matuta, akafunika kichwa kwa mikono, akabaki hapo akitetemeka. Watu walimhurumia. Kesho yake waliiacha ngoma nyumbani, wakalima kimya kama wako matangani.

Muuguzi wetu, Bibi Nyamizi, alipofika alishika kiuno. "Nani kawaambia muifiche ngoma?"

"Tunamwonea huruma, Bibi," alisema Mzee Shija, ambaye ndiye mpiga ngoma.

"Huruma hiyo inamfunga. Mnamfundisha kwamba ngoma inaua."

Nilifikiria nyumba yetu. Kule Ujiji tuliacha kutwanga, tukanong'ona, na mkewe Zuhura akamchukua mtoto akaenda kwao ili kilio chake kisimshtue baba yake. Nilimweleza Bibi Nyamizi yote hayo. Hakutulaumu. Alisema familia nyingi hufanya hivyo, na mgonjwa huzidi kuogopa.

Dawa yake ilikuwa hii. Ngoma ilipelekwa mbali, kule kisimani. Idi akiinua jembe, Mzee Shija anapiga. Akilishusha, ananyamaza papo hapo. Hakuna aliyeruhusiwa kumharakisha. Na kila jioni Idi alikaa na Bibi Nyamizi barazani, akamsimulia habari ya handaki ambamo mwenzake alifia ubavuni pake, ile ile, tangu mwanzo. Mwanzoni alikuwa akifika nusu, anatapika. Sikuambiwa nisikilize, lakini kutapika kwake nilikuona.

Ngoma ikasogea kidogo kidogo. Kuna siku ilikuwa hatua chache kutoka kwake, Idi akainua jembe na hakulishusha. Mzee Shija alipiga mpaka jasho likamwingia machoni.

"Shusha jembe, wewe mla migebuka ya ziwani! Unataka kuniua?"

"Piga, mzee. Au nimwite mkeo akupokee?"

Shamba zima lilicheka. Na Idi alicheka, mama. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi kutoka vitani.

Lakini hofu yetu unaijua. Baba yake Zuhura, Mzee Ramadhani, alisema masika yakiisha Idi hajapona, atamdaia binti yake talaka. Basi juzi alikuja mwenyewe kuangalia, bila kutuarifu. Tulikuwa tumesimama naye kando ya barabara, yeye ana uso wa hakimu, lori la tumbaku likapasua gurudumu mbele yetu. Ule mlio ulikuwa bunduki kabisa.

Idi alichuchumaa. Aliweka kiganja chini kama alivyofundishwa na Bibi Nyamizi, akavuta pumzi, akasema kwa sauti vitu alivyoviona: "Lori. Tumbaku. Udongo. Rajabu." Kisha akainuka. Mkwe wake bado alikuwa amekumbatia nguzo ya simu.

"Baba, umeumia?" Idi alimwuliza.

"Mimi? Nimeshikilia tu."

Idi alikwenda kumsaidia dereva kubadili gurudumu. Mzee Ramadhani alimwangalia mpaka nati ya mwisho ikakazwa, ndipo akaniambia: "Nilimwoza binti yangu kwa mwanamume, vita vikanirudishia kivuli. Leo nimemwona yule wa kwanza. Nitamleta Zuhura stesheni ampokee, mimi mwenyewe." Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Sitaki udhani ugonjwa umefutika. Bibi Nyamizi amesema zitakuja siku mbaya, na ndoto bado zinamjia. Kilichobadilika ni kwamba sasa anajua la kufanya. Kwa hiyo usimnyamazishe mtu nyumbani. Idi ameniagiza: "Mwambie mama atwange anavyotaka. Nikishtuka nitakaa, nitavuta pumzi, nitainuka." Kwa Zuhura ameagiza asimzuie mtoto kulia, ana hamu ya kumsikia.

Msalimie shangazi muuza mawese, umwambie kwamba asali ya hapa nimemwekea. Mjomba fundi cherehani mpe salamu zangu, na akishindwa kujizuia kuuliza habari za jini, msomee barua hii. Majirani waliotusindikiza wajulishe pia.

Tunapanda treni ya Kigoma Ijumaa usiku, na Jumamosi tutakuwa nanyi. Jumatatu saa mbili asubuhi Idi ana miadi na muuguzi wa hospitali ya Kigoma. Bibi Nyamizi amesema aende na mkewe, na Zuhura amekwisha kutuletea simu kwamba amekubali.

Mimi mwanao,
Rajabu