Maji ya asubui

Yaya Elie,

Batoto bako namna gani kule Kolwezi? Huku Likasi mama iko muzuri, goti tu njo inamusumbua akienda misa ku parokia ya Panda. Kuku yako nyeusi imeangua vifaranga saba.

Yaya, majaribio ya dawa mupya ya kutoa shaba ku fabrike, miye mupimaji wa labo njo niliyapanga. Asubui ekipe ya Dodo batie dawa mupya, mangaribi ekipe yako batie ya zamani. Shaba ya mangaribi ikatoka mubaya. Chefu akasema ekipe yako inalala, akakufukuza.

Nilipima kila kitu, nikasahau tanki kubwa kwenye maji ya dawa inapita. Maji inakaa mule masaa munane mbele ya kutoka. Juma ilipita nilianza upya, kila dawa siku tatu mufululizo, na nikaona: shaba ile nilipima mangaribi, ilitoka mu dawa Dodo alitia asubui. Dawa mupya njo mubaya. Weye ulibeba kosa yangu.

Rapore mupya ya majaribio iko mu sanduku yangu tangu Jumanne. Ninapita ku mulango ya bureau ya chefu, miguu inaendelea.

Mama anauliza kila siku ulikosa nini ku kazi. Ninamusugulia goti, ninamuonesha vifaranga vya kuku yako.

Mudogo wako,
Stéphanie