Nyongo ya Gwamaka

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mkaa umelowa, makongoro yamegoma kuiva, madereva wamesimama na bakuli mkononi kama wanadai urithi. Foleni ya malori ya kuvuka kwenda Zambia imefika mpaka mbele ya banda langu na haisogei. Foleni isiposogea wanakunywa. Wakinywa wanaamka na mning'inio. Wakiamka na mning'inio wanataka supu yenye ndimu na pilipili. Silalamiki, ndiyo kazi yangu.

Ninayemlalamikia ni mdogo wangu Gwamaka. Lori lake limo kwenye foleni hiyohiyo, na yeye analala kwangu. Leo amekataa supu. Supu ya dada yake. Kaja na dumu la maji meusi, kajimiminia kikombe kizima, kafumba macho, kameza. Nikamuuliza ni nini hicho.

"Dawa ya mama, dada. Ya nyongo."

Gwamaka hana nyongo. Ana kachasu, ile gongo ya ng'ambo inayovushwa kwenye chupa za maji. Ugonjwa wake unaanzia hapo, na kila mtu kwenye foleni anajua.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimelielewa jambo lenyewe na hasira imezidi. Alimpigia mama simu Itumba. Akamwambia anaamka kichwa kinagonga, kinywa kichungu, anatapika maji ya njano. Yote kweli. Akaacha neno moja tu, pombe.

Mama ni mzee wa kanisa. Anaamini mwanawe hajawahi kuonja hata togwa iliyolala. Na kwetu mtu akiamka hivyo, jibu ni moja: nyongo imepanda. Dawa yake ni mizizi michungu, unakunywa mpaka nyongo itoke. Mama ndiye anayesifika kwa dawa hiyo kijijini. Akachimba, akafunga kwenye kipande cha kanga, akampa konda wa basi la Itumba alete.

Sharti lake ni kutokula mafuta. Ndiyo maana supu yangu imekuwa haramu. Pombe haimo kwenye masharti kwa sababu mama hakuwaza kuitaja.

Gwamaka ananisimulia haya anacheka. Anasema dawa ni kiboko, akiinywa asubuhi, jioni yuko tayari kuanza upya. Mtu mzima, ana leseni ya kuendesha lori. Sijui aliyempa alimpima nini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemchunguza. Dumu likipungua anaongeza maji. Maji yakipauka anaongeza mizizi mipya juu ya ile ya zamani. Mama alisema kikombe kidogo cha kahawa. Yeye anatumia kikombe changu kikubwa cha chai, kile cha bati. Kichwa kisipopoa anameza panado juu yake, mbili, halafu nyingine mbili. Nikimwambia anaua tumbo, ananijibu kuwa vitu vya asili havina madhara. Hata sumu ya panya kuna mti unaoitoa, nimemwambia. Ameenda zake.

Mzambia mmoja, yule mpole anayeniita ba mayo, yaani mama kwa lugha yake, naye ameomba dawa kidogo. Nimemwaga cha kwake chini. Ameniangalia kwa huzuni mpaka nikampa bakuli la supu bure.

La Gwamaka sikulimwaga. Mkono ulifika kwenye dumu ukarudi. Dawa iliyochimbwa na mama yako humwagi, hata ukiwa na sababu. Nimelelewa hivyo na inaniudhi.

Jumapili, 9 Machi

Nilitaka kumwambia mama leo baada ya ibada. Simu nilikuwa nayo mkononi. Gwamaka akanishika kanga: "Dada, nakuomba. Mama atakufa kwa aibu." Nikairudisha simu mfukoni.

Nimechoka kutunza siri ya mtu asiyejitunza.

Hali chakula. Anajikuna mikono. Anasema ni mbu. Jioni alivuka tena ng'ambo, akarudi akiyumba, asubuhi itakuwa dumu. Nimepiga sufuria kwa mwiko mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Hakuna kitu, nikamwambia. Napika.

Jumatano, 12 Machi

Macho yake ni ya njano.

Nimeyaona alipokuja kunawa, jua limempiga usoni. Nilidhani ni mwanga. Nikamgeuza kama mtoto, nikamfunua kope kwa kidole. Njano.

Nikampigia mama palepale. Nikamwambia macho tu, pombe sikuitaja, nilidhani macho yatatosha. Mama akashukuru Mungu. Akashukuru kwa sauti, nasikia na kuku wake nyuma. "Hiyo ndiyo nyongo inatoka, mwanangu Tumpe. Imefika machoni, imekaribia kuisha. Asiache hata siku moja. Natuma nyingine."

Ubaya ndio umegeuka kuwa uponyaji. Kadiri atakavyozidi kuwa njano ndivyo mama atakavyozidi kutuma. Na mimi nilishindwa kumkatiza kwa sababu alikuwa na furaha. Upumbavu wa ukoo mzima, nami nimo.

Ijumaa, 14 Machi

Mizizi mipya imefika. Konda ameitupa mezani kwangu, katikati ya chapati, akapaza sauti kuwa mama ananisalimia sana.

Gwamaka hataki hospitali. Anasema wauguzi watamuuliza anakunywa nini na watamsema mbele za watu. Mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi, amekiri mwenyewe. Bado anasubiri dawa ifanye kazi. Mchana foleni ikaanza kusogea, akapanda lori. Anataka kuvuka na kushuka mpaka Lusaka hivyo hivyo, na dumu limefungwa pembeni ya kiti.

Nimepanda kwenye lori na aproni yangu ya supu. Nimechomoa ufunguo. Malori ya nyuma yakapiga honi, mmoja akanitukana matusi ambayo sitayaandika. Gwamaka alinyoosha mkono kuuchukua, hakuwa na nguvu ya kuninyang'anya. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mdogo wangu alikuwa akibeba gunia la mahindi kwa bega moja.

Madereva wenzake walilisogeza lori pembeni. Mimi nikampigia mama na kumwambia yote. Kachasu, dumu, kikombe cha bati, panado. Sikupamba. Mama akaniuliza basi la kwanza kesho linaondoka saa ngapi, utadhani si yeye anayeishi Itumba.

Jumamosi, 15 Machi

Mama amefika na tope mpaka magotini. Hakunisalimia. Amekwenda moja kwa moja kwa Gwamaka, akamtoa nje kwenye mwanga, akamtazama macho muda mrefu. "Twende," akasema.

Hospitali daktari akamuuliza anatumia nini. Gwamaka akasema soda. Soda! Nilitaka kumpiga mbele ya daktari. Kabla sijafungua mdomo mama alifungua pindo la kanga yake, akaweka mizizi juu ya meza.

"Anakunywa hii. Nimempa mimi. Na pombe anakunywa, sikuwa najua."

Daktari hakumsema mama. Nilijiandaa kumjibu akimsema, hakumsema. Alieleza kuwa ini ndilo linalosafisha kila tunachokunywa, na la Gwamaka limevimba. Pombe inapita hapo, panado zinapita hapo, mizizi inapita hapo. Hawezi kuapa ni kipi kimeumiza zaidi, pengine vyote vimesaidiana. Mizizi hiyo hajui ina nini ndani, na sisi pia hatujui. Hajui hata nani amewahi kuipima. Viachwe vyote. Na macho ya njano si nyongo inayotoka, ni ini linalolemewa. Mama akamwomba arudie hapo. Akarudia.

Amelazwa. Amelia, amegeukia ukutani. Mama ameshika mguu wake juu ya shuka na hakuuachia mpaka tulipofukuzwa wodini.

Jumanne, 18 Machi

Bado njano. Majibu ya damu hayajashuka. Nimemgombeza muuza mkaa, nimemgombeza mteja aliyetaka ndimu zaidi, nimemgombeza mama kwa kufagia banda lililokwisha kufagiwa. Gwamaka sijamgombeza. Siwezi, analala tu.

Wenye lori wametuma dereva mwingine. Amelichukua. Ameniletea dumu, anauliza afanye nalo nini. Nimelimwaga mtaroni. Mkono haukurudi safari hii.

Jumatatu, 24 Machi

Ameomba chakula. Ameomba ugali, mpumbavu yule, wakampa uji. Vipimo vimeanza kushuka. Daktari anasema ini linaweza kujirudi, lakini pombe basi, na asimeze kitu bila kuuliza. Nimemwambia Gwamaka nikimwona ng'ambo nitavuka nimfuate na mwiko. Amecheka kidogo. Nilikwenda nje nikalia nyuma ya choo cha hospitali, nikarudi nimekunja uso kama kawaida.

Alhamisi, 27 Machi

Hakuna mvua. Gwamaka yuko nyumbani, amelala. Weupe wa macho unarudi polepole.

Mama amekaa nami bandani tangu asubuhi, anakata ndimu. Dereva mmoja kijana kaja ameshika kichwa. Kwa kuwa amemwona mama ni mtu mzima, akamuuliza, "Shikamoo bibi. Huna hata mzizi wa kuzimua hii?" Nikakaza mwiko. Mama akamjibu taratibu, "Marahaba. Kunywa maji mengi, mwanangu. Ule, ukalale. Na leo usinywe." Kijana akaenda hakuridhika, nadhani alitaka kitu kichungu.

Mama akaendelea na ndimu. Kisha, bila kuniangalia, akaniuliza kama namkumbuka baba Tumaini, jirani yetu wa Itumba aliyefariki nilipokuwa darasa la saba. Yule ambaye mama alikuwa akimtibu nyongo. Alitaka kujua macho yake yalikuwaje zile siku za mwisho.

Nikamwambia sikumbuki, mama, ni zamani. Akaitikia kwa kichwa, akavuta ndimu nyingine.

Nakumbuka. Yalikuwa njano, na mama alirudi kutoka kumpa dawa akiimba.