Kadishi Uliyonifundisha Jikoni

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyonidanganyia. Kiingereza ulikiweka kwa ajili ya kazi, Kiebrania kwa ajili ya Mungu, na sisi wa nyumbani, mimi na Mama, tukapewa Kiswahili chako cha Nakuru, ulichokulia baada ya wazazi wako kukimbilia Kenya kuokoa roho zao. Miezi imepita tangu tukuzike, na bado nikikukumbuka nachefukwa.

Nakumbuka Ijumaa zetu hapa Hounslow, ughaibuni. Jua likikaribia kuzama, Mama aliwasha mishumaa miwili na kufunika macho kwa viganja, kama ulivyomfundisha, yeye Mwislamu wa Mombasa aliyekuwa ametoka kuswali alasiri. Ulibariki divai, ukakata mkate, ukaniwekea mikono kichwani. "Wewe ni Myahudi, Daudi," ulisema. "Ukiulizwa, usitafune maneno." Shuleni nilipigwa kwa ajili ya neno hilo, nikarudi pua inavuja damu, najivuna.

Wageni wakija ulinikataza kuwahesabu. Watu si mbuzi, ulisema. Ukitaka kujua idadi, sema si mmoja, si wawili, si watatu, ili jicho baya lisiwapate. Mama hakushangaa, hata kwao watoto hawahesabiwi hivihivi.

Nilipotimiza miaka kumi na mitatu, umri wa mvulana kusoma Torati mbele ya watu, ulisema rabi anaumwa. Rabi gani huyo anaumwa miaka minne? Badala yake ulinikalisha jikoni, ukaniandikia Kadishi kwenye daftari la shule kwa herufi ninazozijua, nikaikariri yote. "Hii mtoto humsomea mzazi wake akifa," ukaniambia. "Utanisomea wewe. Sina mwingine."

Na kila Jumamosi ulikwenda sinagogi peke yako. Mara moja tu nilikusindikiza. Sheria yako inakataza kupanda gari siku ya Sabato, lakini ulipanda basi, ukashuka vituo viwili kabla ili wakuone ukifika kwa miguu. Hapo kituoni ukaniambia nirudi, Mama yuko peke yake. Na mimi mjinga nikarudi.

Basi sikia yaliyotokea makaburini. Nilivaa kofia yako ndogo, nikasimama na wenzako wa sinagogi. Kadishi haisomwi mpaka watimie wanaume kumi, na mzee mmoja mwenye fimbo akapita akituhesabu: si mmoja, si wawili. Moyo ulinidunda kwa furaha, katikati ya msiba, kwa kusikia ya nyumbani kwetu yakisemwa na mtu mwingine. Akafika si tisa, aliyesimama kando yangu. Mimi akaniruka. Akasema, "Tunahitaji mmoja zaidi."

Nikasema nipo, mimi ni mwanawe. Akanitazama uso, akatazama kofia, akatazama uso tena. "Mwanawe? Hatukujua kama alikuwa na mtoto."

Nina miaka ishirini na sita, Baba! Mlikunywa chai pamoja kila Jumamosi, na hukupata nafasi ya kututaja!

Rabi alinivuta pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Akanieleza kwa upole kwamba Uyahudi hupitia kwa mama, ndiyo sheria, na kwamba wewe uliijua sheria hiyo barabara. Naweza kusoma na kuingia dini, akasema, nikiwa na subira. Wakaenda kumwita bwana aliyekuja kutazama kaburi la mkewe, akawa wa kumi. Kadishi yako ikasomwa na mzee wa fimbo. Mama alikuwa amesimama karibu na lango, alisikia yote. Mimi nilifunga mdomo, maneno ya jikoni yamenijaa kinywani kama matapishi.

Sheria haikunichefua. Watu wana haki ya kulinda mlango wao, hasa watu waliochomewa nyumba mara nyingi namna ile. Umenichefua wewe. Mtaa wa pili kulikuwa na sinagogi ya Wayahudi wa mageuzi, ambao wangenipokea kwa sababu yako. Ulikuwa ukiwabeza: "Wale wamegeuza dini mgahawa, kila mtu anaagiza apendacho." Na wewe uliagiza nini? Mapenzi Hounslow, heshima kule. Ulinifundisha sala yako ya kifo ukijua hakuna atakayeniruhusu kuisema.

Mama anakutetea. "Wacha, mwanangu. Babako alikuwa mwoga, si mbaya." Bado anawasha mishumaa Ijumaa. Nilipomuuliza kwa nini, akasema mkono umezoea, na nikaondoka chumbani nisije nikamwambia neno baya.

Juzi wameniletea fomu ya jiwe la kaburi lako. Mrithi wako ni mimi. Bila saini yangu haliwekwi. Mzee wa fimbo akanipigia simu kunishauri, kwa adabu, niandike "familia yake" tu, ili lisilete maswali. Nilimshukuru. Kisha nikaandika, kwa herufi kubwa: mume wa Mwanaisha, baba wa Daudi.

Wakikubali, kila Jumapili, siku yenu ya kuzuru makaburi, wenzako watapita hapo na kutusoma. Wakikataa, sina maneno mengine ya kuwapa, na utalala hapo bila jina, kama sisi tulivyoishi.

Kwaheri, Baba. Saini nimeshaweka.

Mwanao,
Daudi