Neno la Watu wa Jeneza

Mjukuu wangu Zuhura,

Nakusalimu kwa mapenzi. Bibi yako hajambo, goti limetulia, na anauliza kama huko unapata samaki.

Umeniuliza kwa nini Kiingereza kina maneno mengi ya watu waliokusanyika. Nami nilijiuliza hivyo nikiwa karani kijana wa mkuu wa wilaya wa Kiingereza hapa Lamu. Siku moja yule Mzungu, mgeni bado, alichungulia dirishani akaona wanaume wakisukumana barabarani.

"Mob!" akasema. "Andika, niwaite askari."

Nilijua "mob" ni watu wa fujo. Nikafungua kamusi: "crowd" na "throng", yaani umati, na "congregation", yaani waumini waliokusanyika kusali. Hakuna lililotosha. Nikaandika "mourners", yaani wafiwa.

"Wafiwa gani hawa wanaopigana?"

"Hawapigani, Bwana. Wanagombea kulibeba jeneza. Kila mmoja ataka japo hatua chache, apate thawabu."

Akatazama tena. Askari hawakuitwa.

Lakini neno la watu wanaosukumana ili wasaidie kubeba sijaliona hadi leo. Ukilikuta huko chuoni, niandikie upesi.

Babu yako