Picha ya Marhoun

Wawi, Chake Chake,
Pemba.
20 Mei 2001

Mpendwa Ami Moosa,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na Bi Shatha na watoto, na kwamba lile goti limekupa nafuu. Sisi uzima tunao, ila Mama chakula hakimpiti. Ami, la kukuficha sina: mdogo wangu Marhoun ametangulia mbele ya haki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kama ujuavyo, alivuka kwenda Shimoni mwishoni mwa Januari, baada ya zile vurugu za maandamano, kwa chombo kilichotoka Msuka. Tangu hapo kimya. Kila tuliyemtuma Kenya kumtafuta aliulizwa, "Yukoje huyo?" Na picha hatuna. Mama alizichoma zote siku za msako wa polisi, akihofia zisije zikamponza.

Ilisalia negativu yake moja, ya nyeusi na nyeupe, aliyopigwa na marehemu Baba studio. Madukani siku hizi ni picha za rangi tu, basi nikalifungua boksi la Baba la karatasi za kuchapia picha, lililokaa kabatini miaka minane tangu afe. Kazi naijua, nilikuwa nikimsaidia chumba cha giza.

Karatasi zilikuwa saba. Ya kwanza ilitoka kijivu tupu, unyevu umeshaila. Ya pili uso ulionekana, lakini kovu la kwenye nyusi halikutoka, nami kovu ndilo nililolitaka. Ya tatu ikaharibika. Nikaongeza mwanga, nikatia bromaidi ya kuzuia ule ukungu wa kijivu, nikaitoa dawani mapema. Ya nne akatoka, Ami, na kovu lake. Nililia mikono imo majini. Ya tano ndiyo hii ninayokuletea.

Binamu Ame akaenda na ile ya nne Shimoni. Mzee mmoja wa huko, Abrahman, aliitazama, akasema, "Huyu nilimwosha mimi." Walimkuta pwani mwisho wa Januari ile ile, bahari imemtupa, hana hata kitambulisho. Wakamsalia, wakamzika. Allah awalipe.

Laila, mkewe Marhoun, amekaa eda. Shehe kasema huhesabiwa tangu siku ya kifo, kwa hivyo zimebaki siku kumi na tisa tu. Laila akauliza, "Kumbe Idi Kubwa ile niliyopaka hina nilikuwa mjane?"

Jana kaja Bi Tatu wa Msuka. Mwanawe Mabruki alipanda chombo kimoja na Marhoun. Alisikia habari ya picha, akaja kwa miguu kutoka stendi, akaniambia, "Mwanangu, nitazamie na wangu humo." Negativu za Baba nimezipitia zote, moja moja, kutwa nzima. Hayumo. Amesema atarudi Ijumaa, na sijui nitamwambia nini.

Mama anakusalimu, na Laila, na Ame. Nisalimie Maha na Ghassan. Tusomeeni hitima huko. Mola akuhifadhi ugenini, atukutanishe kabla hatujapungua zaidi.

Mimi mtoto wa nduguyo, nikupendaye kama baba,
Mwanamize